Ukurasa mmoja, siku moja: nilivyowajua wanafunzi wangu

Mara ya kwanza kazi hii niliiharibu mwenyewe. Niliandika ubaoni: "Chagua mtu wa historia unayevutiwa naye, eleza maisha yake." Nikaletewa mabango, karibu nusu yakiwa ya Nelson Mandela, yote yakianzia 1918 na kupitia miaka 27 ya kifungo. Yalipendeza kweli. Lakini nilichojua baada ya kuyasahihisha ni nani ana dada mwenye mwandiko mzuri.

Mwaka uliofuata nikabadili swali. Kila mmoja achague siku moja tu katika maisha ya mtu wake, aseme kama angekuwepo angemfanyia nini. Ukurasa mmoja, bila picha. Nikaanza na wangu: Abebe Bikila wa Ethiopia, Olimpiki ya Roma, 1960, anakimbia marathoni peku hadi dhahabu. Mimi ningemshikia viatu. "Mwalimu, viatu gani tena?" Vile vilivyombana akaviacha! Darasa likacheka, kalamu zikaanza kwenda.

Binti mmoja, ambaye hata jina lake likiitwa huitikia kwa kunong'ona, alimwandika Wilma Rudolph, mkimbiaji wa Marekani. Nilitegemea medali zake tatu za Roma. Wapi! Alichagua jioni ya kawaida nyumbani, Wilma bado mtoto, mguu umedhoofishwa na polio, ndugu zake wanapokezana kuukanda. Yeye angechukua zamu ya usiku, "kwa sababu hiyo hakuna anayeitaka."

Nilisubiri wenzake watoke, nikamuuliza zamu za usiku amezijulia wapi. Kaka yake anaumwa. Na mimi nilishamgombeza mara mbili kwa kusinzia kipindi cha kwanza. Nilimwomba radhi, tukapanga kazi zake azimalizie shuleni.

Hapo nikajiona bingwa, nikakosea. Kijana mwingine alimchagua Louis Braille, aliyebuni maandishi ya wasioona, siku alipojichoma jicho kwa msharasi akiwa na miaka mitatu, kwenye karakana ya baba yake. Kijana hakutaka kukaa na yule mtoto. Alitaka kukaa na yule baba amwambie, "Hukukusudia." Nikaisoma kwa sauti mbele ya wote, bila kumuuliza. Alilaza kichwa juu ya dawati hadi kengele ilipolia, na wiki nzima hakunitazama usoni. Siku hizi juu ya ukurasa kuna sehemu ya kuweka alama: "wote wasikie" au "mwalimu tu". Wengi huchagua ya pili.

Wanaonakili bado wapo. Juzi mmoja aliniletea mwanasayansi Marie Curie na Nobeli zake mbili, 1903 na 1911, basi. Nikamrudishia na swali moja pembeni: ungemshikia chupa za radiamu, ile yenye mionzi ya hatari, au ungemletea chai?

Kesho yake: "Chai. Na ningeiweka mlangoni."