Barua ndani ya mugumo: Jumamosi yangu kabla ya Mashujaa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Siku yangu inaanza kwa gundi. Nusu kikombe cha unga wa ngano naukoroga kwanza kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha naumimina kwenye maji vikombe viwili yanayochemka, na mwiko hautulii hata kidogo. Ikiiva hung'aa na kushuka kwenye mwiko polepole, kama uji wa mgonjwa. Natia chumvi kidogo isichache upesi. Gundi ya dukani ipo, lakini kwa watoto zaidi ya thelathini ingekwisha kabla ya chai ya saa nne. Tena hii yangu, mtoto akilamba kidole hana la kumdhuru.

Jumatatu ni tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa. Mimi hufundisha kazi za mikono katika ukumbi mmoja pale Kariokor, na huu ni mwaka wa nne tunatengeneza kadi za maua ya karatasi kwa watu waliopigania nchi hii au waliovaa sare yake. Katika kazi zangu zote za mwaka, hii ndiyo ninayoipenda zaidi.

Saa moja asubuhi

Matatu nambari 58, kiti cha dirishani, mfuko wa karatasi mapajani na ndoo ya gundi katikati ya miguu. Konda ananiuliza kama nimebeba uji. Oktoba ndio mwezi wa jakaranda Nairobi, na kila unapotazama kuna zambarau juu ya mti na zambarau nyingine chini, imekanyagwa. Jogoo Road inatupitisha karibu na soko la Burma, ambako watu hununua nyama kila siku bila kuwaza jina hilo lilitoka wapi. Liliachwa na vita. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni), walikuwa wakipigana na Wajapani katika misitu ya Burma, kwenye mvua na matope.

Mwaka wa kwanza tulikosea, na kosa lilikuwa langu. Niliandika ubaoni "Asante kwa kutulinda", watoto wote wakanakili, nikabeba kadi thelathini zenye maneno yale yale. Mzee mmoja alifungua yake, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huyu mtoto ananijua?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo hakuna mtoto anayeshika mkasi kabla hajajua kadi ni ya nani na anamshukuru kwa lipi.

Saa tatu

Wamefika thelathini na wawili, wa gredi ya tatu hadi ya saba. Naanza na swali ninaloanza nalo kila mwaka: Kariokor maana yake nini? Mmoja anasema ni jina la soko la vyondo. Mwingine anasema ni mahali pa nyama choma. Nawaeleza kuwa ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba wenyeji walilitamka kwa ndimi zao mpaka likawa hili. Wanaume walichukuliwa vijijini kubeba risasi na chakula cha jeshi mpaka ndani ya Tanganyika. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi.

"Na kaburi lao liko wapi?" anauliza kijana wa gredi ya sita.

Namwambia wengi hawana kaburi linalojulikana, ila katika sanamu ya Askari pale Kenyatta Avenue, iliyowekwa miaka ya 1920, mmoja wa wale watu watatu wa shaba ni mpagazi. Anakaa kimya kidogo, kisha anasema amepita pale mara nyingi na hajawahi kumwangalia.

Saa nne

Chai na mandazi, na Afande anaingia. Ni mwanajeshi mstaafu anayeishi mtaa wa jirani, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata. Watoto wanasimama wote bila kuambiwa.

Nilijua swali lingekuja, na likaja: "Afande, uliwahi kuua mtu?"

Hakukasirika. Alivuta kiti akaketi ili macho yake yalingane na ya mtoto. Aliwaambia kwamba mwaka 1989 alipelekwa Namibia na kikosi cha Kenya, chini ya Umoja wa Mataifa, nchi ile ikijiandaa kupata uhuru. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha watu wanapiga kura bila kuuana. "Nilisimama kwenye jua," alisema, "nikatazama foleni. Watu walikuwa wamefika kabla ya alfajiri. Kulikuwa na mama mzee amebebwa mgongoni na mwanawe. Hiyo ndiyo vita yangu. Nilitazama foleni mpaka ikaisha."

Wakamwuliza angependa ua gani. Akasema kule alikokuwa maua ni machache, palikuwa na mchanga mwingi, basi wampe la hapa nyumbani. Jakaranda ikakubaliwa palepale.

Saa tano hadi saa saba

Sasa mikono. Ua la jakaranda ni tarumbeta ndogo, na krepe, ile karatasi laini yenye mikunjo, inalifaa kwa sababu inavutika. Lakini huvutika upande mmoja tu, kwa hiyo namwonyesha kila mtoto akate utepe huku mikunjo ikisimama wima. Utepe unazungushwa kwenye penseli, unashikwa kwa gundi chini, kisha ukingo wa juu unavutwa kwa vidole gumba viwili, taratibu, mpaka ujikunje nje kama mdomo. Vidole vya watoto hufanya hivi vizuri kuliko vyangu. Maua saba au manane yanafanya kichala.

Kundi la pili, watoto wanne, lina kazi ngumu zaidi. Kadi yao ni ya Shosho, yaani bibi, kama tunavyomwita.

Wiki mbili zilizopita tulimtembelea. Ana miaka themanini na mitatu. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili kule Nyeri, akiwapelekea wapiganaji wa Mau Mau viazi vilivyochomwa na vikaratasi vilivyokunjwa, hadi ukingoni mwa msitu wa Nyandarua. Alikuwa akiviacha ndani ya tundu la mugumo, mti wa jamii ya mkuyu. Hakuwahi kumwona aliyevichukua. "Mimi nilikuwa posta," alituambia, na alilisema neno hilo kwa fahari. Kule Nyandarua mpaka leo kuna mugumo unaoitwa posta ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kwa hiyo nilijua hakuwa peke yake. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Wengi hawakuwamo katika hesabu ile. Kwa maoni yangu, wasichana waliobeba vikaratasi ndio waliosahaulika zaidi, maana kazi yao ilikuwa nzuri pale tu isipoonekana.

Watoto walimwuliza angependa ua gani. "La mugumo," akasema. Walirudi wakiwa na huzuni, kwa sababu mugumo hauna ua. Hakuna aliyewahi kuliona.

Leo nimeokota matunda ya mugumo chini ya mti ulio karibu na ukumbi. Yana ukubwa wa gololi. Nalipasua moja kwa wembe juu ya karatasi nyeupe, nawapa lenzi. Vichwa vinne vinagongana. Ndani, ukutani kote, yamejipanga maua mamia, madogo kuliko vichwa vya sindano. Tunda lenyewe ndilo kifuko cha maua, na nyigu mdogo sana huingia kwa tundu la mbele kuyachavusha.

"Kumbe yako ndani," anasema msichana wa gredi ya tano. Anarudia mara mbili. Halafu anachukua manila, ile karatasi ngumu, ya kijani, anaikunja, anaikata duara bila kuachanisha upande wa mkunjo. Nje kijani tupu, bila neno. Ndani watajaza maua: vipande vyembamba vya karatasi, ukingo umechanwachanwa kama kitana, kisha vimesokotwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno. Wazo ni lake. Mimi nilipasua tunda tu.

Saa nane

Baada ya githeri, maafa. Kundi la jakaranda limepaka gundi nyingi kupita kiasi, na krepe ikilowa hutoa rangi. Kadi kumi na moja zimevuja zambarau hadi kwenye maandishi. Mvulana mmoja aliyekuwa ameandika sentensi nne kwa Afande, na kwake sentensi nne ni safari ndefu, anafunika kadi kwa mikono yote miwili na machozi yanamtoka. Naketi naye chini. Hatuisahihishi ile kadi. Tunachukua manila mpya, tunapaka gundi nyembamba, tunasubiri mpaka inashika kidole bila kukilowesha, ndipo tunalaza ua. Sentensi anaziandika tena. Safari hii zimekuwa tano. Ya mwisho inasema: "Yule mama aliyebebwa alifika mbele?"

Saa kumi

Tunafagia. Krepe imeingia mpaka kwenye nywele.

Saa kumi na moja jioni

Naenda kwa Shosho na msichana wa gredi ya tano na mama yake. Shosho ameketi mlangoni, khanga mabegani. Msichana anainamisha kichwa, Shosho anamwekea mkono utosini, kisha anapokea kadi.

Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Anapapasa duara ile nje, haoni ua, hasemi kitu. Anaifungua. Vidole vyake vinaingia katikati ya maua ya karatasi na vinabaki humo, vikipita kutoka ua hadi ua.

"Nani alikuambia yako ndani?"

"Tulipasua tunda, Shosho. Tukayaona."

"Nimekula yale matunda tangu nikiwa mdogo," anasema. "Sikujua."

Kisha anauliza kama kuna maneno. Msichana anamsomea: "Shosho, asante kwa kutembea usiku. Ulikuwa unaogopa nini zaidi, askari au fisi? Nimekuachia nafasi ya kujibu."

Shosho anacheka mpaka anajifuta macho kwa pindo la khanga. Anaomba kalamu. Hawezi kuandika mwenyewe, basi anamvuta mtoto karibu na kumnong'oneza, na mtoto anaandika pale katika nafasi tupu, akiuma ulimi. Mimi na mama yake tumekaa mbali kidogo, hatusikii. Akimaliza, Shosho anakata kipande cha karatasi chenye jibu, anakikunja mara tatu mpaka kinakuwa kidogo kama ukucha, anakitia kiganjani mwa mtoto na kukifumba.

"Usisome njiani," anamwambia.

Tunarudi hadi kituo cha matatu giza likiingia. Mtoto amekifumba kiganja njia nzima.