Matuta ya Nebraska kwenye kadibodi, wiki ya tatu

Wadau, wiki ya tatu hii natengeneza modeli ya ardhi kwa matabaka ya kadibodi, na bado niko na kipande kile kile cha Cherry County, jimbo la Nebraska, Marekani. Ramani ni ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, skeli 1:24,000, niliidaunilodi bure nikaiprinti vipande vipande nikaunga na selotepu. Kontua (mstari wa kimo sawa) moja hadi nyingine ni futi 20 kwenda juu, kwa skeli hiyo ni robo milimita tu, na kadibodi yangu ina milimita 2, kwa hiyo vilima vyangu vimenyanyuka karibu mara 8 ya ukweli ila nimeacha hivyo maana vinginevyo huoni kitu.

Jumamosi nikaharibu. Kuna viduara vina vijino vidogo kwa ndani, nikadhani ni uchafu wa printa, kumbe ndo alama ya shimo, yaani hapo ardhi inashuka, na mimi nshabandika vilima vitatu. Nimebandua na kisu taratibu lakini tabaka la chini limechanika, inabidi nilikate upya.

Na mashimo ni mengi kweli, kwa sababu Sandhills, eneo hili la Nebraska, yote ni matuta ya mchanga yaliyoshikwa na nyasi, kama kilomita za mraba 50,000, mengine yanafika mita 120 kwenda juu. Mvua ikinyesha inazama tu mchangani kwenda kwenye maji ya chini, Ogallala, na bonde likishuka mpaka kuyagusa maji hayo ndo unaona kiziwa cha bluu ambacho hakiingiwi na mto wala hakitoi.

Kinachonishika zaidi ni mistari myekundu ya seksheni, yaani miraba ya kugawia ardhi, maili kwa maili, sentimita 6.7 kwenye karatasi, imenyooka inapanda matuta kama hayapo. Mraba mmoja ni ekari 640, ndo kiasi ambacho sheria ya Kinkaid ya 1904 ilimpa mlowezi badala ya 160 za ile sheria ya ardhi ya 1862, na bado hazikutosha, mchanga ule haufai jembe na ng'ombe wanataka eneo, wengi wakaishia kuwauzia wenye ranchi kubwa. Napitisha kidole mraba baada ya mraba: kinu cha upepo cha kuvuta maji, kinu, kinu tena, halafu ndo nyumba moja bondeni mwisho wa barabara ya vumbi.

Nimeweka pini za bluu kwenye vinu, nyeusi kwenye nyumba. Za bluu zimeisha, pakiti ya nyeusi bado imejaa. Kesho nanunua bluu nyingine nianze kona ya kaskazini mashariki.