Rozari ya bibi, wiki ya tatu: fundo nililokata

Haya, wiki ya tatu na rozari ya marehemu bibi, na leo naanza na kosa langu kabla sijalipamba. Wiki iliyopita nilimaliza kuisafisha, mswaki wa zamani na maji ya sabuni kidogo tu, punje ni za mbao kwa hiyo sikuloweka, na zile za kumi la kwanza, yaani fungu la kwanza la Salamu Maria kumi, zimelika upande mmoja mpaka zimekuwa bapa. Msalaba ndo usiseme, uso wa Yesu umefutika wote kwa kubusiwa.

Nikahesabu. Rozari kamili ina punje 59, za Salamu Maria 53 na za Baba Yetu 6. Hii nikapata 58. Kwenye kumi la tatu kuna mahali hapakuwa na punje, palikuwa na fundo nene la uzi mweusi wa kushonea, limekakamaa kama mbegu. Mimi fundi wa juzi mwenye plaizi mpya nikaona huu ni uchafu tu, nikalikata, nikaweka punje nyingine, nikapiga picha nikamtumia mama nisifiwe.

Akapiga simu hapo hapo. "Fundo liko wapi?" Nikamwambia nimelitoa mama, nimeweka punje. Kimya. Halafu akaanza kucheka, kumbe ile punje niliimeza mimi nikiwa natambaa, bibi akakagua nepi siku mbili hakuiona, akafunga uzi akaendelea kusali. "Na kila akifika hapo alikuwa anakutaja jina." Miaka yote hiyo na hakuna aliyeniambia!

Mradi huu niliuanza ili mikono ipate kazi maana nilikuwa sijaandika hata mstari kwa muda mrefu, sasa daftari limejaa bibi. Kama ule ugomvi wa Alhamisi. Matendo ni yale matukio ya Yesu na Maria unayoyatafakari ukisali rozari, kila siku na fungu lake. Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002, ya kusaliwa Alhamisi, mama aliyapokea mara moja, bibi akagoma, kitabu chake cha sala kina matendo 15 na Alhamisi ni Furaha, basi. Jioni wanasali pamoja, mmoja yuko mto Yordani mwingine yuko Nazareti na malaika, sauti zinapanda kila mtu anataka kumfunika mwenzake, mimi katikati nabana kicheko. Na Papa mwenyewe aliyatoa kama pendekezo, hakumlazimisha mtu, kwa hiyo bibi hakuwa muasi kama mama alivyokuwa anasema.

Punje mpya nimeitoa. Uzi mweusi nimeupata kwenye kopo lake la sindano, fundo la kwanza likawa dogo mno, la pili likafumuka, la tatu limekaa. Jana Alhamisi nikasali nayo, Matendo ya Furaha, mama asijue, na nilipofika kwenye fundo nikataja jina la bibi.

Bado kitanzi cha medali, ukikivuta kinafunguka. Waya nilionao ni laini mno, natafuta mwingine.