Tulivyojiandaa kuisemea Kizinga kwenye mkutano wa maji

Kabla maji ya Mto Ruvu hayajavutwa kuja mjini, Dar es Salaam ilikuwa ikinywa Mto Kizinga. Mtambo wa maji wa Mtoni, unaochota Kizinga, ulijengwa mwaka 1949, mitambo ya Ruvu Juu ikafuata 1959 na Ruvu Chini 1976. Siku hizi Mtoni unatoa sehemu ndogo sana ya maji ya jiji, na vijana wengi wa Mbagala wanaopita Barabara ya Kilwa kila asubuhi hawajui kwamba ule mto wanaouvuka ni chanzo cha maji ya bomba. Mimi naishi upande wa Mbagala wa bonde hilo. Nina kisima ninachouzia majirani maji, na ni mjumbe wa kamati ya mtaa wetu. Naandika jinsi tulivyofanya mpaka maneno ya watu wa bondeni yakafika kwenye mkutano wa wadau wa rasilimali za maji yakaandikwa, kwa sababu wenzangu wa mitaa mingine wananiuliza, na nikisimulia barabarani huwa naishia nusu.

Wito ulikuja kama unavyokuja mwingine wowote: barua kwa mtendaji wa mtaa, ikitaka idadi fulani ya wawakilishi, siku ya kazi, saa tatu asubuhi. Kwa desturi huenda wale wanaopatikana, yaani mwenyekiti, mjumbe mmoja au wawili na mstaafu mwenye nafasi. Wanasikiliza, wanasaini mahudhurio, wanarudi. Nilimwomba mwenyekiti aniachie muda uliobaki nizunguke mtaani kwanza, tujue tunakwenda kusema nini na nani atakayesema. Akakubali, akanipa na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Ilibidi tuanze kwa kueleza mkutano wenyewe unahusu nini. Ukimwambia mtu wa Dar kwamba kuna mkutano wa maji, mawazo yake yanakwenda bombani: mgao, mita, ankara. Hayo yana mahali pake. Bei ya maji inapotaka kubadilishwa, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha mkutano wa taftishi na mwananchi anasimama kutoa maoni. Mkutano wetu ulikuwa wa chanzo chenyewe: mto, kisima, chemchemi, nani achote kiasi gani na nani azuiwe kuchafua. Kwa upande wetu wa nchi kazi hiyo ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro. Tanzania ina mabonde tisa ya namna hiyo. Letu linagusa Dodoma, Morogoro na Pwani hadi kufika kwetu, na mito midogo ya pwani kama Msimbazi, Mpiji, Kizinga na Mzinga imo humo humo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 ndiyo inayozitambua bodi hizi, na ndiyo inayotoa nafasi kwa wananchi kuunda jumuiya za watumia maji. Mambo haya niliyaeleza kwa maneno machache kila nilipokaa, na niligundua kuwa watu hawachoki kuyasikia. Wanachoka wakisomewa.

Kijiweni kwa bodaboda kijana mmoja akaniuliza, "Sasa mama, Ruvu iko huko Mlandizi, sisi wa Mbagala inatuhusu nini?" Nikamkumbusha mwaka 2022. Mwezi wa kumi mwaka ule Ruvu ilipungua, uzalishaji wa maji ya jiji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300, tukatangaziwa mgao. Bei ya dumu ikapanda, na foleni kwenye visima vyetu ikawa inafika usiku. Yule kijana alikuwa akibeba madumu kwa pikipiki wakati huo, na mwenyewe akaanza kuwasimulia wenzake jinsi maboza yalivyokuwa yakija kujaza huku kwetu na kupeleka kwingine. Nikawaambia ndiyo hivyo: Ruvu ikipungua, maji ya chini ya nyumba zetu yanavutwa zaidi. Bwawa la Kidunda linajengwa huko Morogoro, la kuhifadhi lita bilioni 190, nami naliombea likamilike. Lakini hakuna bwawa litakalosafisha visima vya Mbagala.

Kuhusu mahali pa kuwapata watu nina msimamo, na nitausema wazi. Mkutano wa hadhara wa jioni chini ya mwembe unakuletea wanaume wazima na wachache wenye midomo. Anayechota maji hayupo pale, saa hizo anapika. Wanawake na wasichana niliwapata kisimani alfajiri, wakiwa kwenye foleni ya ndoo. Wakulima wa mchicha niliwafuata bondeni jua linapoanza kupungua, wakimwagilia. Wasukuma mikokoteni na wa maguta niliwakuta mchana wakipumzika kivulini. Kwa kina mama wa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, nilipewa nafasi mwisho wa kikao chao. Imamu wa msikiti wa karibu alinitangazia baada ya sala ya Ijumaa, na tangazo lake lilifanya kazi kuliko gari la matangazo.

Halafu kuna namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu, "Una maoni gani?" atakujibu, "Tunaiomba serikali itusaidie," na hapo hujapata kitu. Si kwamba hana la kusema. Swali lenyewe linamtaka ahutubie. Mimi niliuliza maswali ya kazi anayoifanya kila siku. Unachota wapi? Mwezi gani kisima hicho kinapungua? Maji yake unayatumia kunywa au kufulia tu? Zamani ulikuwa unachota wapi, na kwa nini uliacha? Kutokana na hilo la mwisho tulipata mambo ambayo sikuyategemea. Msichana wa kidato cha pili alitueleza kisima ambacho nyumba nzima iliacha kukinywa tangu nyumba mbili za kupanga zilipojengwa jirani na mashimo ya vyoo vyake kuchimbwa upande wa juu. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amelitaja jambo hilo.

Majibu yote yaliingia kwenye daftari kubwa la kaunta. Kila kisima kilipata mstari wake: kilichimbwa lini, kina urefu gani kama mwenyewe anajua, maji yanapungua miezi ipi, kiko hatua ngapi kutoka choo kilicho karibu. Kisima changu ndicho nilichokiandika cha kwanza, pamoja na choo cha jirani, na nikawa nawaonyesha watu ukurasa huo kabla sijauliza vya kwao. Wenye visima waliogopa kwamba daftari litapelekwa kwa watu wa kodi. Nikawaeleza ukweli kwamba visima vya kuchimba kwa mashine vinatakiwa kuwa na kibali kwa mujibu wa sheria, kwamba sitaandika jina la mtu bali alama ya kisima tu, na kwamba asiyetaka aachwe. Wachache waliachwa. Daftari lenye mapengo linalosema kweli lilinitosha.

Siku moja mzee Mzaramo, mkazi wa siku nyingi, alikubali kutembea nasi bondeni. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akachukua mkongojo wake na tukaanza kushuka. Alituonyesha zilipokuwa chemchemi mbili, moja sasa iko chini ya msingi wa nyumba. Alituonyesha mahali mto ulipokuwa ukikata kona kabla mchanga haujachimbwa, na jinsi maji ya masika siku hizi yanavyonyooka moja kwa moja kuelekea kwenye nyumba za ng'ambo. Yule kijana wangu alichora yote kwenye mgongo wa kalenda ya zamani: vilima vya Pugu juu, kule mto unakotoka, Mtoni chini, na kwetu katikati. Ramani ile haina vipimo, lakini kila mtu wa bondeni akiiona anaweka kidole na kusema, hapa ni kwangu.

Ugumu ulikuwa kwa wakulima, na hapo ndipo tulipotumia muda mwingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mkulima wa mchicha anaijua hiyo mita 60 hata kama hajui sheria inaitwaje. Mama mmoja aliyelima pale mpaka akasomesha watoto aliniambia, "Mwanangu, ukienda kusema mto unakufa, watauliza nani anauua. Watatukuta sisi na makopo yetu, maana mwenye lori analala kwake." Sikuwa na jibu la kumridhisha hapo hapo, na sikulazimisha.

Nilichofanya ni kuwakutanisha wakulima peke yao, bila wachimba mchanga na bila sisi wenye visima. Nikawaahidi kwamba hakuna neno litakalowahusu ambalo litatoka bondeni bila wao kulisikia kwanza. Wakajadiliana wao kwa wao. Walikubaliana kuwa matuta yaliyofika ukingoni kabisa mwa mto yarudishwe nyuma, pale pakae matete na migomba, na dawa za wadudu zisioshwe mtoni. Wao wakataka waandikwe kama watunzaji wa ukingo, kwa kuwa ndio wanaoliona lori linapoingia. Nadhani hilo ndilo pendekezo bora lililotoka mtaani kwetu, na mimi nisingeweza kulitunga.

Wachimba mchanga nao nilikaa nao. Ni vijana wetu, wanapakia kwa koleo na kulipwa kwa safari. Hawakukataa kwamba mto unaliwa. Walisema tu kwamba wakifukuzwa watakwenda kufanya hivyo hivyo mto mwingine, na kwamba anayenunua mchanga haulizwi kitu. Tuliandika maneno yao kama walivyoyasema.

Karatasi ya maoni ilikuwa ya kurasa mbili. Tuliisoma kwa sauti bondeni, watu wa pande zote wakiwepo. Sentensi iliyowalaumu wapangaji kwa kutupa taka iliondolewa, kwa kuwa gari la taka lenyewe halifiki kwenye vichochoro vile. Ikaongezwa moja kuhusu mashimo ya vyoo yanayofunguliwa mvua inaponyesha ili yaende na maji. Kila mtu alikuwa akilijua jambo hilo na kulinyamazia, na siku ile lilisemwa mchana kweupe mbele ya wanaolifanya.

Mkulima akienda mkutanoni siku nzima, mboga zake hazifiki sokoni. Kikoba kilitoa nauli na kitu kidogo cha kufidia siku hiyo, na watoto wa mtaani wakamwagilia matuta ya mama aliyechaguliwa kusema. Tulipeleka wasemaji watatu: mama wa mchicha, msukuma mkokoteni na yule mzee. Mimi nilikaa nyuma na daftari. Tulijizoeza nyumbani kwangu, kila mmoja jambo moja, dakika tatu: taja mahali, sema ulichoona, sema unachotaka kifanyike na nani akifanye. Mzee alitaka kuanzia enzi za mkoloni, tukamwomba aanzie kwenye chemchemi.

Karatasi tuliikabidhi mapema, wakati wa kujiandikisha, kabla mkutano haujaanza, na tukaomba nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ushauri wangu kwa yeyote ni huo: muda wa maoni huwa unaliwa na hotuba, na siku ile uliliwa kweli. Wasemaji wetu wawili tu ndio waliopata nafasi. La msukuma mkokoteni lilikuwa kwenye karatasi, kwa hiyo halikupotea. Mama wa mchicha alipotaja watunzaji wa ukingo, wataalamu walimwuliza maswali kama mtu anayejua kazi yake, naye akajibu bila kubabaika. Wakati wa chai mhandisi mmoja aliomba daftari la visima, akalisoma amesimama hadi chai yake ikapoa, akauliza kama anaweza kupiga picha kurasa. Niliomba jambo moja kabla ya kuondoka: muhtasari ukitoka, upelekwe mtaani pia. Niliufuatilia kwa simu mpaka ukapatikana, na niliusoma bondeni kama nilivyoisoma karatasi.

Yaliyotokea baadaye ni haya. Wataalamu walikuja kiangazi, wakapima maji ya baadhi ya visima vilivyo kwenye daftari, na wenye visima viwili karibu na vyoo walishauriwa maji yao yasinywewe. Mmoja amekubali, mwingine bado anauza. Malori ya mchanga yamepungua mchana, ila usiku bado yanasikika, na wakulima huandika namba zake na kumpa mtendaji. Matete yameota sehemu ndefu ya ukingo. Na tumeanza taratibu za jumuiya ya watumia maji. Rasimu ya katiba ipo, na ubishi mkubwa uko kwenye kifungu cha mchango: wenye visima vya biashara tutoe sawa na mkulima au zaidi? Mimi nimependekeza zaidi, kwa kuwa tunauza tunachokichota, na baadhi ya wenzangu wamenuna. Kikao kijacho kitafanyika bondeni, saa kumi na moja jioni, ili wanaouza mboga wawe wamesharudi kutoka sokoni.