Katika mdahalo wa dini, nani anadaiwa ushahidi?

Midahalo mingi ya dini huharibika mapema kwa sababu haijulikani nani anadai na nani anauliza. Wanazuoni wa Kiislamu wa elimu ya munadhara, yaani kanuni za mdahalo, akiwemo Shams al-Din al-Samarqandi, walizitenganisha kazi hizo: mwenye dai alete ushahidi, muulizaji aupime.

Chukua hoja hii: "Kitabu hiki kimetoka kwa Mungu, kwa kuwa kina utabiri uliotimia." Muulizaji ana njia tatu. Anaweza kudai kipande kimoja kithibitishwe: je, utabiri uliandikwa kabla ya tukio? Anaweza kuleta ushahidi wa kinyume cha dai. Au anaonyesha kwamba hoja hiyohiyo inazaa jambo ambalo msemaji mwenyewe analikataa: kama utabiri uliotimia unatosha, basi na kitabu kingine, asichokiamini, kimetoka kwa Mungu. Naiona njia hii ya mwisho kuwa kali kuliko zote, ila haimfai asiyesikiliza, maana silaha yake ni maneno ya mwenzako.

Kosa kubwa ni muulizaji kukimbilia kuthibitisha kinyume cha kipande ambacho mwenzake bado hajakitolea ushahidi. Wanazuoni waliliita ghasbu, yaani unyang'anyi wa nafasi, na wengi hawakulikubali. Ukifanya hivyo umejitwisha mzigo usio wako. Mwenye dai anapumzika, nawe ndiye unayeulizwa.

Kwenye maandiko, usisome aya kabla ya kujua mambo matatu: je, mwenzako anakikubali kitabu? Sehemu hiyo inamfunga kiimani? Anaisoma kwa maana hiyohiyo? Barcelona, mwaka 1263, Pablo Christiani, mtawa Mkristo aliyezaliwa Myahudi, alitaka kuthibitisha kwa Talmudi, mkusanyo wa sheria na masimulizi ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), kwamba Masihi amekwisha kuja. Rabi Nahmanides, aliyewatetea Wayahudi, alijibu, pamoja na mengine, kwamba masimulizi ya marabi, tofauti na sheria, hayamlazimu Myahudi kuyaamini. Kitabu kilikuwa chake kweli, lakini sehemu ile haikumfunga.

Hata ukifanikiwa kumbana mtu kwa kitabu chake, umeonyesha tu kwamba anajipinga. Dini yako bado haijathibitika, na hapa wahadhiri wengi hushangilia mapema mno.

Msimamizi aandike dai kwa sentensi moja, mwenye dai aikubali, ndipo maswali yaanze. Mwenye dai akiishiwa ushahidi, au muulizaji akiishiwa pingamizi, mada hiyo ifungwe. Atakayetaka mada nyingine aanze na dai jipya, nalo liandikwe.