Maharagwe bila makala (mkaa)

Mama mdogo alikimbia Masisi, mashariki mwa Kongo, mwaka 2023 na watoto wanne, sufuria moja, na godoro lililofungwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Akapata nafasi katika kambi ya Bulengo, magharibi ya Goma, chini ya shitingi, yaani turubai la plastiki. Pale ardhi ni mawe ya volkano: choo huchimbi kwa jembe, wala sombe (kisamvu) hupandi.

Siku ya mgao nilimsindikiza. Unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi. Kuni, hakuna. Maharagwe makavu yanakula makala hasa, kwa hiyo akauza bakuli mbili palepale ili apate ya kupikia yaliyobaki. Kijana mmoja mwenye kizibao cha shirika akamkaripia: "Mama, unauza msaada?" Nilimeza mate tu. (Mimi ningeuza tatu.)

Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma. Februari kambi zikavunjwa. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege pia. Mama mdogo akarudi kijijini, akakuta nyumba haina hata bati moja.

Juzi alinipigia. Unga hakuomba. Aliomba mbegu, jembe, na ile shitingi yake ya zamani niliyoikunja chini ya kitanda changu.