Siku mayonezi ilipokatika

Ilikuwa Idd pili, 2016, mama mkwe kaja Dar kutoka Tanga na mimi si nikajifanya fundi, nikasema pilau tumekula jana leo nawafanyia saladi ya kamba na ngisi, ile ya kukaa kwenye friji. Asubuhi mapema nikawahi soko la samaki la Feri, kamba kilo moja, ngisi nusu, vijana wakanitolea wino na ule mfupa wake unaofanana na plastiki, nikapanda daladala mfuko unavuja hadi kwenye viatu vya watu, nilitukanwa njia nzima.

Kuchemsha hakukunishinda. Kamba wakiwa wekundu wakaanza kujikunja toa, ila ngisi usimgeuzie mgongo, akipita dakika moja na kidogo unatafuna ndala. Nikawatumbukiza kwenye maji ya barafu afu nikawakausha na kitambaa, manake wakibaki na maji hiyo saladi inageuka mchuzi.

Kasheshe mayonezi sasa, ile sosi nzito ya mayai na mafuta ya kuchanganyia saladi. Maduka ya mtaani yote yamefungwa, nikasema natengeneza mwenyewe, viini viwili, ndimu, chumvi, nakoroga huku nachuruzisha mafuta. Mwanzo ikashika vizuri tu, nikaona inanichelewesha nikamwaga mafuta kwa pupa, yani hapo hapo ikaachana, mafuta yanaelea juu na vidonge vya njano chini.

Kumbe mama mkwe kasimama mlangoni muda wote. Akachungulia bakuli.

"Imekatika hiyo, kama tui."

Mayonezi hajawahi kuila, ila tui ndo maisha yake. Akaniambia hamna cha kutupa, anza bakuli jingine, hii uirudishe tone kwa tone. Nikaweka kiini kipya, akaninyang'anya mwiko akawa anakoroga yeye, upande mmoja tu, mimi kazi yangu kudondosha kwa kijiko, na kila nikizidisha ananiangalia lile jicho. Ikashika nzito hadi mwiko unasimama!

Nikachanganya na hoho, kitunguu na kotmiri, friji masaa matatu. Shemeji alikomba bakuli na mkate. Mama mkwe akabeba sahani yake akaingia jikoni, mara nasikia kiberiti.

"Mama usipashe, itakatika tena!"

"Samaki wa baridi mimi sili, mwanangu."